Kujiita na Kuitwa: Dhana ya Mwanataaluma na Hali ya Ualimu Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Katika Kiswahili kitenzi 'ita' hakina lawama. Mtu huitwa kwa jina lake, huitwa mwalimu, huitwa mzee wa kijiji, na hakuna anayeuliza swali. Lakini kitenzi hicho kikipachikwa kiambishi cha kujirejelea '-ji-', shaka huingia papo hapo. Anayesema 'yule anajiita daktari' ameshatoa hukumu yake, na msikilizaji haambiwi zaidi ndipo aelewe kwamba udaktari wenyewe una walakini. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaelekea kuamini kwamba majina ya aina hii hutolewa na wengine, na kwamba anayejitwalia mwenyewe amekwenda kinyume cha ada.

Hata hivyo, miji ya Afrika ya Mashariki imejaa watu wanaojiita wataalamu. Yuko mtaalamu wa nyota, mtaalamu wa nywele, mtaalamu wa kuondoa kunguni, na mtaalamu wa lugha ambaye hajafungua kamusi tangu alipohitimu. Makala haya yanachunguza maana ya kudai cheo hicho, na yanafanya hivyo kupitia kazi moja, ualimu, katika eneo moja ambako dai hilo limekuwa na gharama kubwa kuliko kwingine nchini Kenya: kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa zamani Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba uanataaluma si kitu kimoja bali ni fungu la mambo manne, yaani ujuzi, usajili, malipo na mwenendo. Mahali penye amani mambo hayo hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja, hata yakaonekana ni jambo moja. Kaskazini Mashariki yametengana, kila moja likaonekana kwa mtu wake.

Msamiati na Nasaba Yake

Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana ambayo Kiswahili kimeigawa. Kwa mwenye ujuzi wa kina, Kiswahili kina 'mtaalamu'. Kwa aliye wa kazi yenye elimu na kanuni zake, kina 'mwanataaluma'. Kwa anayeifanya kazi yake kwa umakini na busara, kina 'mweledi', na vyombo vya habari vya Kenya vimelipenda sana neno 'weledi' katika miaka ya karibuni. Waandishi wa habari za michezo nao, bila kungoja kamati yoyote ya istilahi, walikwenda moja kwa moja kwenye mfuko: wao husema 'mchezaji wa kulipwa', na kinyume chake ni 'mchezaji wa ridhaa'. Wanaisimu wengi hulipuuza tapo hili la msamiati kwa kuwa limezaliwa kiwanjani. Ni kosa, kwa sababu wanamichezo ndio waliotaja waziwazi jambo ambalo wenzao wameona haya kulitaja, nalo ni pesa.

Maneno 'mtaalamu' na 'taaluma' yana nasaba moja na 'elimu', 'maalumu' na 'mwalimu'. Yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kujua. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba umbo la Kiarabu lililozaa 'mwalimu' lina maana ya anayefundisha, ilhali lile lililozaa 'mtaalamu' lina maana ya anayejifunza. Kwa asili yake, basi, mtaalamu ni mwanafunzi. Kiswahili kimempandisha daraja hadi akawa bingwa, na katika kupanda huko wengi wamesahau kwamba jina lenyewe lilikuwa la mtu aliyeketi chini akisikiliza. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipozindua mwaka 2021 mpango wa kuwataka walimu walio kazini waendelee kusoma, ubishi mkali ulizuka, hasa kuhusu nani agharimie masomo hayo. Ubishi wa gharama ulikuwa wa haki. Lakini waliosema kwamba mwalimu mwenye cheti hana cha kujifunza tena walikuwa wakibishana na neno lenyewe.

Nalo 'mwanataaluma' lina kiungo chake cha kutazamwa, 'mwana'. Kama ilivyo kwa mwanasheria au mwanajeshi, mwenye jina hili ni wa nyumba fulani. Mtoto hajizai wala hajipi ukoo. Ndiyo maana kila taaluma ina mlango na bawabu wake.

Wasomali, walio wengi katika kaunti hizi tatu, wana neno 'macallin' lenye asili ile ile ya 'mwalimu'. Macallin wa kwanza katika maisha ya mtoto wa Kisomali ni yule wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, ambako watoto huandika aya juu ya ubao wa mti. Miongoni mwa wafugaji, dugsi huhama pamoja na mifugo, na macallin huishi na familia anazozihudumia na kupata riziki yake kwao. Hana namba ya usajili. Anajulikana kwa wanafunzi aliowahitimisha, na mzazi asiyeridhika humwondoa mtoto wake. Kwa hiyo serikali ilipopeleka shule na walimu wake eneo hili, haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta jamii yenye vigezo vyake vya kumpima mwalimu.

Mlango wa Taaluma

Nchini Kenya bawabu wa ualimu ni TSC, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967 na kupewa hadhi ya tume ya kikatiba na Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010. Sheria ya Tume hiyo ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufanya kazi ya ualimu bila kusajiliwa. Tume husajili, huajiri, huhamisha, na huadhibu kwa mujibu wa kanuni zake za maadili. Wanasheria na madaktari husajiliwa na chombo kimoja na wengi wao kuajiriwa na kingine. Mwalimu wa shule ya umma husajiliwa na kuajiriwa na mlango mmoja, na jambo hili si dogo. Anapogombana na mwajiri wake, anagombana pia na mwenye daftari la taaluma yake.

Kaskazini Mashariki ilipata shule chache na kwa kuchelewa. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991, ziliifanya serikali ilione eneo hilo kama mpaka wa kulindwa kabla ya kuliona kama makao ya watoto wa kusomeshwa. Matokeo yake, kwa miongo mingi sehemu kubwa ya walimu waliosajiliwa, hasa wa shule za upili, walitoka nje: Magharibi, Nyanza, Mlima Kenya, Ukambani. Walifika kwa basi, wakafundisha, na shule zilipofungwa wakarudi makwao kwa basi.

Walioondoka

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria wasiokuwa Waislamu walitengwa na wenzao, na watu 28 wakauawa. Shule zilikuwa zimefungwa; miongoni mwa waliouawa walikuwamo walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizoni. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa karibu na mji wa Mandera.

Januari 2015 shule zilipofunguliwa, walimu wengi wasio wenyeji hawakurudi. Walikusanyika Nairobi, kwenye makao makuu ya TSC, wakidai wahamishwe. Chama cha walimu, KNUT, kiliwaunga mkono. Tume iliwataka warudi kazini. Katika mjadala uliofuata neno taaluma lilirushwa kama jiwe kutoka pande zote mbili. Upande mmoja ulisema kwamba mwalimu aliyekubali kazi hachagui wanafunzi wala mahali, na kwamba kuwaacha watoto mwaka wa mtihani ni usaliti wa wito. Upande wa pili ulijibu kwamba ualimu si uanajeshi.

Hoja ya kwanza haiwezi kupuuzwa na mtu yeyote anayeuheshimu ualimu. Watoto waliobaki hawakuwa wamemdhuru mtu. Mhula mmoja bila mwalimu wa Hisabati au wa Kiswahili haulipiki kwa urahisi, na tangu zamani taaluma zimejitofautisha na biashara kwa kudai kwamba humtanguliza anayehudumiwa. Lakini hoja hiyo ina nusu iliyofichwa. Kila taaluma ni mapatano. Mwanajeshi huapa akijua silaha ni sehemu ya kazi, na hupewa silaha yake. Daktari anayeingia wodi ya maradhi ya kuambukiza hupewa vifaa vya kujikinga, na asipopewa hugoma, wala watu hawasemi ameacha kuwa daktari. Mwalimu wa Mandera alipewa barua ya kazi na sanduku la chaki. Kumtaka akubali hatari ya kifo kwa jina la taaluma, bila ulinzi na bila kuulizwa, ni kuliongeza sharti jipya kwenye mapatano baada ya upande mmoja kutia sahihi.

Jambo hili halikwisha 2015. Februari 2018 walimu waliuawa katika shule ya msingi ya Qarsa, Wajir. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Safari hii Tume yenyewe iliwaondoa walimu wasio wenyeji kutoka maeneo mengi ya kaunti hizo tatu. Viongozi wa eneo walilalamika vikali kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa makosa ya wauaji, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba uamuzi uliolaumiwa kuwa utovu wa taaluma ulipofanywa na walimu mwaka 2015, miaka mitano baadaye ulifanywa na bawabu mwenyewe kwa sababu zile zile.

Katika mjadala kama huu hutajwa mara nyingi Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 basi alilosafiria lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walitakiwa wajitenge na Wakristo, nao wakakataa. Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki dunia. Taifa lilimtunukia nishani baada ya kifo chake. Hakuna kanuni ya maadili ya ualimu iliyomtaka afanye alivyofanya. Alikuwa abiria na jirani kabla ya kuwa mtumishi wa Tume, na ni udhalimu kumfanya kipimo cha kuwaaibishia walimu waliobaki Nairobi, kwa sababu ushujaa ukigeuzwa kuwa sharti la kazi huacha kuwa ushujaa, na mwajiri huondokewa na deni lake.

Waliobaki

Darasa halivumilii utupu. Waalimu waliosajiliwa walipoondoka, shule ziliwageukia vijana wa mahali waliomaliza kidato cha nne, wakisubiri chuo au wakiwa wamekosa alama za kuingia. Kamati za shule na wazazi waliwalipa walichoweza. Kijana huyu anajua Kisomali cha wanafunzi wake, anajua mzazi yupi amehamia malishoni na atarudi lini, na hana basi la kumrudisha popote kwa kuwa hapo ndipo kwao. Kisheria hapaswi kuitwa mwalimu. Kiutendaji ndiye mwalimu pekee aliyepo.

Ni rahisi kumsifu kijana huyo kupita kiasi. Kufundisha mtoto kusoma ni ujuzi wenye hatua zake, na anayeuotea humfundisha mtoto makosa ambayo mwalimu wa baadaye atatumia miaka kuyang'oa. Mwenendo wake ni wa kiweledi, kwani yuko darasani kila asubuhi, lakini ujuzi anao kidogo, usajili hana na malipo ni ya kubahatisha. Mwenzake aliyeondoka ana ujuzi, ana usajili na ana mshahara, ila hayupo. Swali la nani kati yao ni mwanataaluma halijibiki kwa kuchagua mmoja.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu iliamua kushusha kiwango cha kujiunga na mafunzo ya cheti cha ualimu kwa watahiniwa wa maeneo yaliyoachwa nyuma, kutoka alama ya C hadi D+. TSC ilipinga. Wizara ilikuwa na hoja kwamba mwenyeji aliyefunzwa ndiye atakayekaa. Tume ilikuwa na hoja kwamba mtoto wa Ijara anastahili mwalimu wa kiwango kile kile anachopewa mtoto wa Nyeri. Zote mbili zilikuwa hoja nzuri. Kasoro ni kwamba pande zote zilijadili mlango tu, uwe mpana au mwembamba, na ni wachache waliouliza kuhusu kinachofanyika ndani baada ya kuingia: je, aliyeingia na D+ aongezewe mwaka wa masomo, apewe mwalimu mzoefu wa kumlea kazini, atahiniwe upya? Alama ya kuingilia hutabiri machache kuliko mafunzo yanayofuata.

Walimu wa Dadaab

Mambo manne yaliyotajwa mwanzoni yametengana wazi zaidi katika kambi za Dadaab, ndani ya Kaunti ya Garissa, zilizoanzishwa 1991 na 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Somalia. Idadi ya wakazi wake ilizidi 400,000 wakati wa ukame wa 2011. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwamo, na walimu wao wengi ni wakimbizi wenyewe. Kwa miaka mingi wakimbizi hawa hawakuweza kuajiriwa kama walimu Wakenya, hivyo walipewa malipo madogo yaliyoitwa motisha, yaliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya afanyaye kazi hiyo hiyo kwenye darasa la jirani.

Neno 'motisha' linahitaji kutazamwa na wanafunzi wa semantiki. Kwa kawaida motisha ni nyongeza: mtu ana mshahara, kisha hupewa kitu cha kumtia moyo. Hapa nyongeza imebaki bila kile inachokiongeza. Istilahi hii, iliyofasiriwa moja kwa moja kutoka lugha ya mashirika, inaficha kwamba mwalimu huyu ni mfanyakazi. Lugha ya wanamichezo ingekuwa kweli zaidi. Ingemwita mwalimu wa ridhaa, ingawa ridhaa yenyewe ina mashaka kwa mtu asiye na kazi nyingine ya kuchagua.

Mwaka 2013 ulianza mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi uliovishirikisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Moi, na vyuo vikuu vya York na British Columbia vya Kanada. Walimu wa kambini walisomea ualimu huko huko Dadaab, wakapata stashahada, na baadhi yao wakaendelea hadi digrii. Hapo ndipo ikapatikana sura mpya: mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa na chuo kikuu, mwenye mwenendo uliothibitishwa na miaka darasani, ambaye asubuhi baada ya mahafali alirudi kwenye malipo yale yale ya motisha. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imetambua haki ya mkimbizi kufanya kazi ya taaluma yake iwapo sifa zake zinakubaliwa na mamlaka husika za Kenya. Ni hatua kubwa kwenye karatasi. Yamkini thamani yake itajulikana siku ambapo 'mamlaka husika' zitamfungulia daftari mwalimu wa Hagadera kama zinavyomfungulia mwalimu wa Thika.

Kiswahili Katika Mzunguko Huu

Suala hili lina upande unaowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kando ya Mto Tana wapo wenyeji waliokikuta Kiswahili nyumbani au kwa majirani, lakini mtoto wa Hulugho, wa Habaswein au wa Takaba aghalabu hukisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mwalimu. Kwake, mwalimu si mfasiri wa sarufi tu. Ndiye jamii yote ya wazungumzaji. Hisabati inaweza kusomwa kitabuni kwa taabu. Lugha isiyozungumzwa na yeyote nyumbani haisomeki kwa njia hiyo, na walimu wa Kiswahili katika shule za upili za eneo hili walikuwa kwa wingi ni wale wale waliokuwa wakisafiri kwa basi.

Njia ya kupata walimu wenyeji wa somo hili ilikuwa imeanza kufunguka. Chuo cha Walimu cha Garissa kilitoa walimu wa shule za msingi kwa miaka mingi, na mwaka 2011 majengo yake yakawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walivamia chuo hicho alfajiri wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wakisomea ualimu. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Waliouawa bweni moja na jingine walikuwa wametoka pande zote za Kenya. Walikuwa bado nje ya mlango wa taaluma, wakiwa wataalamu kwa maana ile ya kwanza ya neno.

Na afikiriwe sasa mwanafunzi wa Garissa aliyekuwa darasa la nane Januari 2015, mwaka ambao mwalimu wake hakurudi. Kama alifuata ratiba ya 8-4-4 bila kurudia, alifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2019. Kiswahili kilikuwa somo la lazima katika mitihani yote miwili. Huenda alitamani kuwa mwalimu. Ndiye hasa mwenyeji ambaye Wizara na Tume walikuwa wakimbishania alama yake. Matokeo yalipokuwa yametangazwa na vijana wa rika lake wakizitafuta fomu za vyuo, walimu watatu waliuawa Kamuthe, na mabasi yakaanza tena kuwachukua walimu. Katika shule alizoziacha, nafasi za Kiswahili zikabaki wazi. Ikiwa alipata C, aliweza kuziomba baada ya mafunzo. Ikiwa alipata D+, aliweza tu kuitwa na kamati ya shule aje ashike chaki hadi atakapopatikana mwalimu.